Kwa Wadogo Zangu Wanaoanza Kazi ya Kwotabeki wa Akiba

Wadogo zangu, ninawaandikia ninyi ambao wazazi wenu walihamia Marekani kutoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, mkaukuta mpira wa Kimarekani shuleni, na sasa kocha amewaambia kwamba msimu huu mtakuwa kwotabeki wa pili. Nimeifanya kazi hiyo kwa misimu minne katika chuo kidogo, na tangu nilipoacha kucheza nimekuwa kocha msaidizi katika shule ya sekondari. Ligi ya kulipwa, yaani NFL, sikuifikia. Hata hivyo nimefuatilia kwa makini maisha ya waliokaa humo miaka kumi au zaidi wakihama timu moja hadi nyingine bila kuwa chaguo la kwanza, kwa sababu wao wameifikisha kazi hii kwenye kilele chake, na mengi niliyoyajua nikiwa nimechelewa wao waliyajua mapema.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kutoka kwa senta, yaani mchezaji wa katikati anayeuanzisha mpira kwa kuupitisha nyuma, na kuamua kama atampa mkimbiaji au ataurusha. Wakimbiaji na wapokeaji hupokezana muda wote wa mechi, lakini kwotabeki hutoka pale tu anapoumia, anapocheza vibaya kupita kiasi, au timu inapokuwa imeshinda au imeshindwa kwa tofauti kubwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa wa pili akamaliza msimu mzima wa mechi 17 bila kugusa mpira siku ya mechi. Chase Daniel, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote alipotoka chuoni mwaka 2009, alidumu katika NFL hadi msimu wa 2022, akaanza mechi 5 tu za msimu wa kawaida, na akalipwa zaidi ya dola milioni 40. Watu hulitaja jambo hilo kana kwamba aliokota fedha njiani. Mimi naamini alilipwa kwa kazi ya siku sita za juma ambayo watazamaji hawaioni, na ni hizo siku sita ninazotaka kuzizungumzia kwa kirefu.

Mazoezini karibu zamu zote za kucheza ni za kwotabeki wa kwanza. Wa pili hupewa kazi ya kumwigiza kwotabeki wa timu pinzani, ili walinzi wetu wazoee watakachokutana nacho. Anasoma kadi zenye mbinu za wengine na kurusha mipira kwa mtindo wa mtu mwingine, huku mbinu zetu wenyewe akizisikia kwa mbali. Ukiridhika na hilo peke yake, siku ya mechi utakuwa unaijua timu pinzani vizuri kuliko yako. Simama nyuma ya kwotabeki wa kwanza, mahali usipozuia mtu, na kila mbinu inapotajwa itamke kwa sauti ya chini, isogeze miguu yako kama yake, kisha uamue mpira ungempelekea nani kabla yeye hajaurusha. Jioni linganisha uamuzi wako na picha za video. Mimi nilianza kufanya hivyo katika msimu wa tatu tu, na bado nasikitika kwa miwili iliyopotea.

Jambo jingine nililifundishwa na mvua. Katikati ya mechi moja kwotabeki wetu alitegua kifundo cha mguu, nikaitwa uwanjani. Mbinu nilikuwa naijua neno kwa neno. Nilichokuwa sijakifanya hata mara moja msimu huo ni kupokea mpira kutoka kwa senta wa kikosi cha kwanza, kwa sababu siku zote nilifanya mazoezi na senta wa pili. Mikono ya senta huyo wa kwanza ilikuwa na kasi nyingine na mpira ulikuja umeinama kwa namna ambayo viganja vyangu havikuizoea. Ukaanguka chini, wapinzani wakauchukua, na senta akalaumiwa kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Tangu siku hiyo kila kijana ninayemfundisha humwomba senta wa kwanza dakika kumi kabla ya mazoezi, na mara moja kwa juma mpira humwagiwa maji kwanza.

Mwenye ndoto ya kufika mbali zaidi ajue kwamba kwotabeki anayehama hubadilisha lugha pia. Katika timu zinazofuata mfumo wa kocha Don Coryell, njia za wapokeaji hutajwa kwa tarakimu, kila mpokeaji na tarakimu yake, hivyo ukisikia namba tatu mfululizo umeshajua watu watatu wanaelekea wapi. Katika mfumo uliotokana na kocha Bill Walsh, njia zina majina, na agizo moja linaweza kuwa sentensi ndefu inayopaswa kutamkwa kwa pumzi moja mbele ya wenzako kumi. Upo pia mtindo ambao timu ya New England Patriots iliutumia kwa miaka mingi, ambapo neno moja hubeba wazo zima la mbinu, wachezaji wapangwe vyovyote vile. Wazo lenyewe mara nyingi ni lilelile, ila limevaa jina lingine. Anayehama kila mwaka na kukariri maneno tu huanza upya kila mara, ilhali anayeelewa kwa nini mpokeaji mmoja anakwenda mbali ili kumfungulia nafasi mwenzake aliye karibu huwa anatafsiri tu. Ninyi mnaozungumza Kiswahili nyumbani, Kiingereza shuleni, na pengine Kibembe au Kirundi na bibi zenu, mmekuwa mkifanya kazi hiyo tangu utotoni, nami nawasihi msiione kuwa jambo dogo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Josh Johnson. Alichaguliwa na Tampa Bay Buccaneers katika raundi ya tano ya uteuzi wa wachezaji wanaotoka vyuoni mwaka 2008, na baadaye akawa katika timu 14 tofauti za NFL, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyeifikia kabla yake. Desemba 2018 timu ya Washington ilikuwa imepoteza makwotabeki wawili waliovunjika miguu, ikamwita. Alisaini tarehe 5, na tarehe 9 akaingizwa mechi ikiwa inaendelea dhidi ya New York Giants, akiwa hajarusha pasi katika mechi rasmi ya ligi tangu mwaka 2011. Ili awafahamu wenzake alitumia Madden, mchezo wa kompyuta unaoiga timu za NFL, kujifunza majina yao. Wengi walicheka, lakini fikirini: kwotabeki anasimama katikati ya duara na kuwaamuru watu kumi wamlinde kwa miili yao. Atawaamuruje ikiwa hawajui kwa majina? Juma lililofuata, tarehe 16, alianza mechi dhidi ya Jacksonville Jaguars na kushinda 16 kwa 13, ushindi wake wa kwanza katika mechi aliyoianza, miaka kumi baada ya kuingia ligi.

Mambo hayakumwendea hivyo kila mara. Januari 2023, katika mechi ya kuwania kwenda Super Bowl, yaani fainali ya NFL, San Francisco 49ers walimwingiza baada ya kwotabeki wao Brock Purdy kuumia kiwiko, naye akapata mtikisiko wa ubongo katika robo ya tatu. Purdy alilazimika kurudi ingawa hakuweza kurusha mpira mbali, na Philadelphia Eagles walishinda 31 kwa 7. Miezi michache baadaye ligi iliruhusu kila timu kuwa na kwotabeki wa tatu wa dharura siku ya mechi.

Kuhusu uhusiano wako na kwotabeki wa kwanza nitasema machache, kwa kuwa tabia njema mmefundishwa nyumbani. Katika NFL sauti ya kocha ndani ya helmeti hukatwa saa inayohesabu muda wa kuanzisha mpira inapobakiza sekunde 15, na baada ya hapo kwotabeki yuko peke yake. Anachokiona akiwa peke yake kinatokana kwa sehemu na ulichomwonyesha kwenye kishikwambi alipokuwa pembeni mwa uwanja. Mwambie jambo moja, fupi, lenye uhakika. Usimwambie matano.

Mtihani mgumu zaidi huja ukishafanikiwa. Mwaka 1972 Earl Morrall, akiwa na umri wa miaka 38, alishika nafasi ya Bob Griese aliyevunjika mguu katika timu ya Miami Dolphins. Alianza mechi 9 zilizobaki za msimu wa kawaida na 2 za mtoano, na Dolphins walishinda zote. Katika mechi ya pili kati ya hizo za mtoano, Desemba 31, kocha Don Shula alimtoa katika kipindi cha pili na kumrudisha Griese, ambaye ndiye aliyeanza Super Bowl. Morrall alikubali kukaa, na timu ikamaliza msimu na ushindi 17 bila kupoteza. Sijui kama mimi ningeweza, na kila nikilifikiria jambo hilo moyo wangu humheshimu zaidi mzee yule.

Upande wa pili yupo Matt Flynn, aliyepewa nafasi ya kuanza mechi na Green Bay Packers Januari 1, 2012, akarusha yadi 480 na pasi 6 za tachidauni, yaani za kufunga. Seattle Seahawks walimsajili Machi mwaka huo, lakini kabla msimu haujaanza nafasi ilichukuliwa na kijana mgeni, Russell Wilson. Siku moja nzuri huwaonyesha watu kwamba unaweza, nayo kazi ya Jumatatu inabaki palepale.

Kuachwa na timu kutakuja. Mchezaji ambaye hajatimiza misimu minne akiachwa, timu nyingine zinaweza kumdai kabla hajawa huru, hivyo anaweza kulala akiwa wa mji mmoja na kuamka akiwa wa mji mwingine. Rudisha kitabu cha mbinu, waage watunza vifaa na madaktari wa timu, kisha tafuta mtu wa kurushiana naye mpira kesho yake. Josh McCown, alipokosa timu ya kumsajili, alikuwa akifundisha wanafunzi wa sekondari karibu na Charlotte, North Carolina, Chicago Bears walipompigia simu Novemba 2011. Mwaka 2013 aliwarushia Bears pasi 13 za tachidauni, huku pasi moja tu ikinaswa na wapinzani. Mazoezi yetu yanaanza saa kumi alasiri. Atakayekuja saa tisa na nusu atanikuta uwanjani na senta, ndoo ya maji ikiwa tayari.