Kabla hujasakinisha gemu iliyobanwa, soma hii

Laptopu nyingi ninazoletewa kutengeneza Luthuli Avenue, Nairobi, zina ugonjwa mmoja: mashine inachemka na feni inanguruma hata kama hakuna programu iliyofunguliwa. Nikiuliza kilichowekwa karibuni, naambiwa ni gemu ya bure kutoka torenti, yaani njia ya watu kupeana mafaili kompyuta kwa kompyuta, ikiwa imebanwa iwe ndogo.

Mvuto wake naujua. Bando ni ghali, na gemu ya GB 60 iliyobanwa hadi nusu yake ni nafuu kubwa kwa mwanafunzi. Anayeibana hutenga sauti za lugha nyingine ziwe za hiari. Data ambayo mtengenezaji alishaibana huifungua, akaibana upya kwa mbinu kali zaidi kama LZMA, na vipande vinavyojirudia huvihifadhi mara moja tu. Kuvirudisha vyote katika hali yake ni kazi ya prosesa yako, ndiyo maana usakinishaji unaweza kula saa kadhaa. Saa zote hizo feni inalia na antivirasi umeizima, kwa sababu maelekezo yalikuambia uizime. Programu ya wizi ikiingia hapo, utaishtukia vipi?

Wengine hujitetea kwamba torenti hukagua kila kipande. Ni kweli, lakini ukaguzi huo unathibitisha tu kuwa ulichopokea ndicho kilichopakiwa. Kama aliyepakia alitia sumu, utaipata ikiwa kamili.

Na hutiwa. Septemba 2024 zilipakiwa nakala chafu za gemu za BeamNG.drive, Garry's Mod na nyinginezo. Zilitulia hadi 31 Desemba, zikaanza kushusha XMRig, programu inayotumia prosesa yako kumchimbia mtu mwingine sarafu ya kidijitali ya Monero. Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kwamba zililenga kompyuta ambazo prosesa yake ina kori (vitengo vya kuchakata) 8 kwenda juu, yaani zile nzuri kabisa.

Kama tayari umeweka, usihangaike kufuta gemu peke yake. Nakili picha na kazi zako za shule tu, usinakili programu yoyote, kisha usakinishe Windows upya. Nywila zibadilishe ukitumia kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe.

Gemu halali za bure zipo. Duka la mtandaoni la Epic Games hutoa moja kila wiki, na gemu ya 0 A.D. hailipiwi kamwe. Ukitaka kununua, subiri punguzo la bei kwenye duka la Steam, ulipe kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay. Mwenye laptopu dhaifu aanze na SuperTuxKart, aipakue kwenye tovuti yake rasmi.