Mnaoanza histo, msikidharau kidole tumbo

Wadogo zangu mnaoingia histopatholojia (kupima tishu kwa hadubini) mwaka huu, hili mimi nilijifunza kwa aibu. Kidole tumbo kikija kwenye kikopo cha formalini, fomu imeandikwa apendisaitisi, mkono unawasha ukate vipande viwili umalizane nacho maana matiti na tezi dume zimepanga foleni. Nilifanya hivyo, nikachukua katikati tu, bosi akanirudisha kwenye kikopo nikapasue ncha, nakuta kauvimbe ka njano kama punje ya mahindi kametulia humo.

Uvimbe humo ni nadra kweli, kwenye vidole tumbo mia vinavyotolewa ni kama kimoja tu, ila mara nyingi hakuna aliyeshuku, mgonjwa kaingia tieta na maumivu ya kawaida, kwahiyo anayegundua ni wewe.

Ncha ipasue kwa urefu, kasinoidi (uvimbe wa seli zinazotoa homoni, siku hizi tunauita neuroendokrini) hupenda kukaa huko. Kitako kilipokatwa weka kwenye kaseti yake (kile kiboksi cha plastiki cha kuwekea vipande). Halafu tumia rula jamani! Uvimbe ukiwa chini ya sm 1 na umetoka wote, kwa kawaida mgonjwa kamaliza, ukizidi sm 2 mara nyingi anarudi kukatwa utumbo mpana upande wa kulia, katikati hapo ndo kuna mabishano, wataangalia umeingia kiasi gani kwenye mafuta ya pembeni na Ki-67 (kipimo cha kasi ya seli kugawanyika) ni ngapi, sasa wewe ukiandika "sm 1 hivi" umewaachia msala.

Zile saratani za seli za goblet (seli zinazotoa ute) msiziite kasinoidi tena, WHO walibadilisha 2019, ni adenokasinoma na zina ukali wake.

Kilichovimba kikajaa ute kama jeli, hapo tulia. Kabla ya kisu angalia nje, kuna tundu? kuna ute juu ya ganda? Piga picha, kisha kiingize CHOTE kwenye kaseti. Kisu ufute kila ukikata, la sivyo utaburuta ute mwenyewe mpaka nje halafu useme kimepasuka. LAMN (uvimbe wa ute wa daraja la chini wa kidole tumbo) kwenye hadubini inaonekana mpole kabisa, ila ikipasuka ikamwaga seli tumboni, miaka baadaye tumbo linajaa jeli, ndo pseudomiksoma hiyo, iliyomuua mwigizaji wa filamu Audrey Hepburn 1993.

Majibu ya hivi usiyaache kwenye trei, mgonjwa alishatoa nyuzi na kurudi kijijini. Mpigie daktari siku hiyohiyo, na fomu isiyo na namba ya simu ya mgonjwa mimi huwa nairudisha wodini, wananichukia lakini nairudisha.