Usijaze mapengo: ushauri kwa wanaotungisha kompyuta ujumbe kwa lugha zetu

Msomaji wa Masindi, Uganda, ameniandikia kwamba ushirika wao unataka kompyuta iwatumie wanachama taarifa za mauzo kwa Kiswahili na Kiluganda, lakini sentensi zinatoka mbovu: "Mbuzi 2 zimeuzwa. Gunia 3 zimeuzwa." Chanzo ni kilekile ninachokutana nacho kila mara. Mtu ameandika sentensi yenye mapengo, kompyuta inajaza idadi na nomino. Katika lugha za Kibantu haiwezekani, kwa sababu nomino ndiyo inayotawala sentensi nzima.

Hifadhi tukio, si sentensi: kitendo kuuza, kitu mbuzi, idadi 2, tayari limetendeka. Kisha kila lugha ipewe kamusi yake na kanuni zake. Katika kamusi ya Kiswahili kila nomino iwe na umoja, wingi, ngeli, na alama moja inayosahaulika sana: ni kiumbe hai au la? Mbuzi habadiliki umbo kwa wingi, kama nyumba, lakini upatanisho wake ni wa watu: mbuzi wawili wameuzwa. Kiluganda hapo kinafuata ngeli tu: embuzi bbiri zitundiddwa. Ukinakili kanuni ya Kiswahili na kuibandika huko, umeharibu.

Idadi kwa maneno ina mtego wake. Kiswahili hupatanisha 1 hadi 5, pamoja na 8. Kiluganda huishia 5: ebitabo bitaano, lakini ebitabo munaana, pale ambapo sisi tunasema vitabu vinane. Ukitumia tarakimu umeukwepa, ila kitenzi bado kinakudai. Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda isiyo ya Kibantu, hakina ngeli za namna hii kabisa, kwa hiyo ngeli isiingie kwenye tukio. Ikae kwenye kamusi ya lugha husika.

Mtafiti Joan Byamugisha na wenzake walipotungisha kompyuta sentensi za Runyankore, lugha ya Kibantu ya Uganda, walianzia kwenye kanuni zilizokwisha kuandikwa kwa isiZulu ya Afrika Kusini. Kazi ya namna hiyo inanipa fahari. Kanuni za lugha ndugu zinasaidia, mradi uzikague moja moja.

Wapo watakaokushauri uiachie akili mnemba kila kitu. Kwa bei na uzito wa mazao ya watu, siikubali: inaweza kuandika sentensi tamu yenye tarakimu isiyo ya kweli, na mkulima ndiye anayeumia.

Angalia pia urefu. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160. Ikiingia ŋ hata moja, kama katika eŋŋaano (ngano kwa Kiluganda), nafasi hushuka hadi 70. Usiifute ŋ ya watu ili uokoe gharama. Fupisha sentensi.

Kabla ya kutuma, chukua nomino moja ya kila ngeli, ipitishe na 1, 2, 6 na 8, kisha mwenye lugha asome kwa sauti. Jaribu na sifuri pia, maana hiyo inataka sentensi nyingine kabisa: hakuna mbuzi aliyeuzwa, hakuna gunia lililouzwa.