Mapanga ya mtambo wa upepo: pima mota kwanza, kisha ndipo ukate

Mkuu, umeuliza kama ukate mapanga ya paipu ya PVC, ya mbao au ya bati, yawe mangapi na urefu gani, kwa mtambo utakaousimamisha Isinya ukitumia ile mota ya mashine ya mazoezi uliyonunua Gikomba. Mitambo midogo ya aina hii ndiyo kazi yangu hapa Kariobangi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Jambo kubwa ni kwamba mapanga huchaguliwa kwa kufuata jenereta, yaani hiyo mota inayozungushwa na upepo ili itoe umeme, na wengi huanza kukata paipu kabla hawajaijua mota yao.

Funga shafti ya mota kwenye drili, izungushe, na uweke mita kwenye nyaya zake. Unatafuta kitu kimoja: inahitaji mizunguko mingapi kwa dakika kufikia volti 13, maana chini ya hapo betri ya volti 12 haiingizi chaji. Tuseme yako inafika hapo kwenye mizunguko 600. Mapanga matatu yaliyochongwa vizuri husukuma ncha zake kwa kasi kama mara 5 ya upepo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule wa kutikisa majani na vitawi bila kupumzika, utazipeleka ncha kwa mita 20 kwa sekunde. Ili upate mizunguko 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde, ncha inabidi imalize duara katika mita 2 tu. Hicho ni kipenyo cha sentimita 64, na duara dogo hivyo litakupa kama wati 3. Sasa chukua jenereta ya sumaku nyingi ya kusuka mwenyewe, inayofikia volti 13 kwenye mizunguko 180. Hiyo inakuruhusu kipenyo cha mita 2.1, na upepo ule ule unatoa karibu wati 33 kwenye shafti. Tofauti hiyo yote imeletwa na ukubwa wa duara.

Hesabu hiyo nimeifanya kwa hewa ya huku kwetu juu. Ukivuka mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, na nguvu hupungua kwa kiasi hicho hicho. Vipimo unavyoviona kwenye video za watu walio karibu na bahari usivichukue vilivyo.

Altaneta ya gari usiifikirie. Inataka mizunguko zaidi ya 1,000, tena inakula umeme wa betri ili kujitengenezea sumaku.

Idadi iwe tatu. Mawili huufanya mtambo utetemeke kila unapogeuka kufuata upepo. Pampu za maji za upepo za Kijito zilizotengenezwa Thika zina mapanga mengi kwa sababu pampu inahitaji nguvu ya kuanza kuvuta maji hata ikizunguka polepole, lakini jenereta inataka kasi. Mitambo yote 365 ya umeme wa upepo iliyo karibu na Ziwa Turkana ina matatu matatu.

Bati liache kabisa. Likiwa bapa linaburuta hewa, na aluminiamu inayopindwa huku na huku hufanya ufa shinani bila kukuonyesha dalili, kisha panga linaruka. PVC ni nzuri kwa kujifunza na kwa kipenyo cha chini ya mita moja na nusu. Chagua paipu nene, kipenyo chake kiwe karibu moja ya tano ya urefu wa panga. Ila jua letu huikausha ikawa ya kuvunjika, kwa hiyo ipake rangi na uikague mara kwa mara.

Kwa kipenyo cha mita 2 mimi nachagua mbao, bila kusita. Nunua saiprasi ya inchi sita kwa mbili iliyokauka, isiyo na fundo, nyuzi zake zikiwa zimenyooka kutoka ncha hadi ncha. Panga liwe na upana wa sentimita 15 shinani, lipungue hadi 8 nchani. Uso unaotazama upepo uwe bapa lakini uliosokoteka: kama digrii 20 karibu na shina, 10 katikati, 3 au 4 nchani. Mgongo ndio unaotunishwa. Sehemu nene kabisa ikae theluthi ya kwanza kutoka ukingo unaotangulia, unene huo uwe kama moja ya nane ya upana. Ukingo unaotangulia uwe wa mviringo, ule wa nyuma uurandie uwe mwembamba. Ukipitisha kidole mgongoni na bado unahisi ubapa wa mbao, endelea na msasa, kwa sababu hapo ndipo kelele na hasara hutokea.

Usawa wa uzito wa mapanga ni muhimu kuliko urembo. Pima kila panga peke yake, kisha yafunge yote kwenye kitovu na ukikalishe kitovu juu ya ncha ya msumari ndani ya nyumba, mahali pasipo upepo. Upande unaoinama una uzito wa ziada, uurandie kidogo kidogo. Fanya hivyo tena baada ya kupaka vanishi, maana vanishi nayo ina uzito.

Mlingoti upite kwa angalau mita 9 kila kitu kilicho ndani ya mita 100. Na usiyaache mapanga yazunguke bila betri kuunganishwa. Bila mzigo, ncha hupita kilomita 300 kwa saa upepo ukivuma kwa nguvu. Weka swichi ya kuunganisha nyaya za jenereta zenyewe kwa zenyewe ili iwe breki, uifunge chini ya mlingoti mahali mkono unapofika.

Ukishapima mota kwa drili, weka hapa namba uliyoipata pamoja na upepo wa huko, nami nitakupigia hesabu ya urefu kabla hujaenda kununua mbao.