Mashemasi wangu, jazeni rejista kabla ya kuvua kanzu

Jumapili iliyopita nilimkuta shemasi mmoja kwenye vestri, chumba cha kuvalia kanzu, akikunja karatasi ya majina ya watoto aliotoka kuwabatiza. Akaitia mfukoni. "Nitanakili kesho, Kanoni." Moyo ulinipasuka, maana kesho hiyo naijua.

1. Rejista ya ubatizo hujazwa papo hapo, wazazi wakiwa bado mbele yako.

Katika parokia yangu ya kwanza nilibatiza watoto kumi na mmoja siku ya Pasaka. Joto la Mombasa mnalijua. Kanzu ilikuwa imenigandama mgongoni. Niliandika majina nyuma ya karatasi ya matangazo, nikatoka. Jumatatu maziko, Jumanne kikao cha wazee, Alhamisi kanzu ikafuliwa. Karatasi ilitoka mfukoni donge, wino umeyeyuka wote. Nilikumbuka majina saba. Wanne wakapotea, na sikumwambia vika wangu, kasisi mkuu wa parokia. Niliona haya.

Miaka ikapita. Binti akanijia anataka kufunga ndoa, anaulizwa cheti cha ubatizo. Kule parokiani wamepekua rejista, hayumo. Mamake alishafariki. Akafungua mkoba akatoa picha: kasisi kijana amempakata mtoto kando ya birika la ubatizo, mama amesimama pembeni na kitenge kipya, anacheka. Kasisi yule ni mimi. Binti hakunilaumu. Aliuliza tu, "Kwa hivyo mimi sikubatizwa?"

Nililia mbele yake. Tulimtafuta mama yake wa ubatizo hadi tukampata Likoni, akatoa ushahidi, nami nikaungama kwa askofu. Jina likaandikwa. Wale watatu wengine sijawapata.

2. Ibada ikiwa ng'ambo, wahini feri. Foleni haitambui kola ya kasisi.

3. Masomo yasomeni kwa sauti Jumamosi, na kurasa zitieni kibanio. Feni ya mimbarini haina huruma.

4. Wageni wakija Kanisa Kuu pale barabara ya Nkrumah, msiishie kuwaambia kwamba liliwekwa wakfu 1905, wala kwamba ni ukumbusho wa Askofu Hannington aliyeuawa Busoga, Uganda, 1885. Watajieni na William Jones. Alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa India, na mwaka huo huo wa 1885 Hannington alimweka wakfu kuwa shemasi. Hannington na aliokwenda nao mbele walipouawa safarini kuelekea Uganda, Jones ndiye aliyewarudisha pwani waliobaki wa msafara. Na fikirieni waliofikishwa Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa hapa Mombasa, kuanzia 1875: wengi walitekwa wadogo mno hata kujua ukoo wao. Kwa watu kama hao, jina la ubatizo lililoandikwa kitabuni ni mali. Ndiyo maana nawasumbua kwa rejista, wanangu, wala sitaacha.

5. Wewe wa Jumapili iliyopita, karatasi ingali mfukoni? Kalamu iko droo ya kushoto, na ufunguo wa sefu ya rejista anao mzee wa kanisa. Nenda sasa hivi.