Hela ya ruzuku ndogo ina wenyewe

Nimewahi kuomba, na nimewahi kuombwa. Miaka minne niliandika maombi ya ruzuku kwa ajili ya kituo kidogo cha watoto huku njia ya Chanika, pembeni mwa Dar es Salaam. Baadaye wanachama wa chama chetu cha watumia maji wakanichagua kuingia kwenye kamati inayogawa ruzuku zilezile. Haya nawaandikia ninyi mlioajiriwa juzi kwenye asasi ndogo, mkapewa kompyuta yenye kibodi iliyong'oka herufi na kuambiwa, "Tuandikie andiko."

Kabla hujaandika neno, jua hela inatoka wapi. Kwetu mwanachama akiletewa ankara ya maji ya shilingi 13,720 analipa 14,000, na ile 280 inaingia mfuko wa jamii. Tunakamilisha hadi mia tano inayofuata, basi. Asiyetaka anasema, jina lake linaachwa, na hakuna anayemnunia. Hilo la hiari msilichukulie kirahisi. Watu wa mji huu wameshazoea makato yasiyoombwa. Tangu 2021 hata kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mtu anayekuachia mia mbili na themanini yake kwa hiari amekupa kitu kikubwa kuliko thamani yake.

Wazo lenyewe si letu. Lilianza 1989 kwenye ushirika wa umeme wa Palmetto Electric, jimbo la South Carolina, Marekani. Mwanachama anakamilisha ankara yake hadi dola inayofuata, kwa hiyo hata ambaye kila mwezi ankara inamwangukia vibaya hawezi kutoa zaidi ya dola 11.88 kwa mwaka. Vyama vingi vya umeme vya huko viliiga, na wanaogawa ni watu wa kujitolea, si wakuu wa chama. Hapa Dar umeme tunanunua kabla ya kutumia, hakuna ankara ya kukamilisha. Maji ndiyo bado yana ankara, ndiyo maana mzee wetu mhazini aliposikia habari hiyo alikimbilia kwenye maji.

Sasa piga hesabu. Nyumba 600, kila moja ikiacha wastani wa 250 kwa mwezi, ni 150,000. Kwa mwaka ni 1,800,000, na hiyo wanagawana waombaji wote. Halafu mtu analeta andiko la milioni nane! Haturushi hata macho kwenye ukurasa wa pili. Si ukali. Aliyeomba hivyo ametuonyesha kwamba hakuuliza hata jirani yake mfuko una kiasi gani.

Na anayesoma ni nani? Kwenye kamati yetu kuna mama mwenye genge la mboga, mstaafu wa bandarini, fundi bomba, mwalimu wa msingi na mimi. Nakumbuka andiko moja la kurasa kumi na tisa, limejaa "kujengea uwezo", "wadau" na "masuala mtambuka". Mama wa genge alisikiliza likisomwa mpaka ukurasa wa tatu, akauliza: "Hawa wanataka nini hasa?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Siku hiyohiyo tulipitisha ombi la karatasi moja, mwandiko wa mkono, kutoka kwa wasichana wa ushonaji: cherehani nne zimekufa, fundi amezikagua na kuandika bei ya vipuri, wanaojifunza ni kumi na moja, wanakutana nyuma ya msikiti Jumanne na Alhamisi. Fundi bomba alisema anapita pale kila wiki na amewaona. Ombi likaisha.

Ukisikia "ninawaona kila wiki" ujue umeshapita. Kwa hiyo mwaka mzima kabla ya kuomba, onekana. Hudhuria mikutano ya mtaa, acha mlango wa kituo wazi. Picha za kupanga watu wakishika bango hazitusaidii, sisi tunaishi hapa.

Bajeti ndiyo iliyoniumiza mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mwaka wangu wa pili tuliomba tenki la maji la lita 1,000 kwa ajili ya kituo. Tulipewa. Nilikwenda na profoma safi, ile karatasi ya bei kabla ya kununua, kutoka dukani, bei sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Nilichosahau ni kwamba tenki halielei hewani. Linahitaji kichanja cha tofali, saruji, mchanga, fundi, koki, mabomba, na gari la kulileta. Hela ya tenki ikaisha kwenye tenki. Likakaa chini pale mbele ya kituo, kando ya njia, miezi saba. Watoto wakaliandika kwa chaki. Kila mwanachama aliyekwenda kulipia maji alipita mbele yake, na ile mia mbili na themanini yake ilikuwa imelala pale juani akiiona.

Nilijificha. Huo ndio ujinga wangu mkubwa, kuliko hata wa bajeti. Nilianza kuzunguka njia ya nyuma nisikutane na mhazini. Siku nilipokwenda kumweleza, alicheka, akasema kamati ilikuwa inasubiri niseme tu. Fundi mmoja mwanachama angejenga kichanja kwa bei ya saruji na mchanga. Na alijenga, kwa siku mbili.

Tangu hapo, nikisoma bajeti natafuta kichanja. Umeomba madawati kutoka kwa maseremala wa Keko: nani anayapakia, yanafika kwa gari gani? Umeomba kompyuta: umeme wa LUKU wa mwezi wa nne tangu zifike nani atanunua? Posho za vikao ondoa kabisa. Mama wa genge hawezi kuelewa kwa nini unalipwa kukaa kwenye kiti, na mimi nimeshindwa kumweleza.

Karatasi nazo ziwe tayari: cheti cha usajili, barua ya mwenyekiti wa mtaa, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Hela ya kikundi isipitie kwenye simu ya katibu, hata kama katibu ni mchungaji. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, piga picha siku uliyozipata, maana maandishi yake yanafifia upesi, na mkaguzi hapokei karatasi nyeupe.

Mrejesho usizidi ukurasa mmoja. Andika kilichonunuliwa, kilichobaki, na kilichoharibika. Hicho cha mwisho wengi hawaandiki.

Ukikataliwa, njoo uulize sababu. Tunakaa Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye kibaraza cha ofisi ya maji, na muhtasari anaruhusiwa kuusoma mwanachama yeyote. Miaka yote hii walionijia kuuliza ni wawili tu. Mmoja alikuwa amekosa barua ya mtaa peke yake. Aliipata Jumatatu, na awamu iliyofuata tukampa.