Winga wa Kariakoo yuko darasani kwetu

Wiki hii mmeuliza: je, wanaouza vitu kwa kamisheni mitandaoni wanabadilisha maisha ya wanachuo? Hapa Mbeya wanayabadilisha sana, tena kuliko tangazo lolote la redioni, kwa sababu anayekuuzia unakaa naye benchi moja.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Amazon ilianza kuwalipa wanaoiletea wateja mwaka 1996: linki ina alama ya aliyeisambaza, ukiibonyeza ukanunua ndani ya saa 24, sehemu ya bei inakwenda kwake. Kwetu wengi hata linki hawana. Duka la Kariakoo linarusha picha kwenye kundi la WhatsApp, mwanachuo anaziweka status, anaongeza chake juu ya bei au analipwa kwa kila mteja. Ni uwinga ule ule, kazi ya kulitafutia duka wateja kwa malipo, ila winga wa Kariakoo ukimwona tu unajua ni winga.

Rafiki yako anaandika, "Jamani hizi raba nimezipenda," nawe unadhani anakusimulia maisha yake. Hapo ndipo ninapoumia. Mtu wa mwaka wa kwanza kutoka Makete au Rungwe, aliyezoea kuchambua masweta ya mtumba pale soko la SIDO, anapapasa kitambaa, anabishana bei, baada ya muhula mmoja anaona aibu kulivaa sweta lile, Juni hii na baridi yake. Hakuna aliyemcheka. Kila asubuhi ameona raba, manukato, taa za rangi za gheto, mpaka akaamini wenzake wote wanavyo. Wengi wao hawana hivyo vitu. Wana picha.

Na bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likitoka, status zinafurika. Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo haizidi shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Raba za 60,000 zimemeza siku sita za kula na kulala, na hesabu hiyo hakuna anayeiweka status. Wiki za mwisho kabla ya bumu jingine, mtu aliyependeza kweli kweli anamwomba mama ntilie wa Iyunga amwandikie kwenye daftari. Yule mama ana marejesho ya kikoba yanamsubiri, na ndiye anayewakopesha watu raba bila kujua.

Sisemi wazuiwe. Nawafahamu wanaolipa kodi ya chumba kwa kamisheni, na hali ya ajira tunaijua. Ninachodai ni kusema wazi. Marekani, tume ya biashara ya FTC inamtaka anayelipwa kusifia bidhaa aseme kwamba analipwa. Sisi tunaweza kuanzia kwenye makundi yetu ya darasa: chini ya picha andika, "Ukinunua, nami napata."

Halafu kuna mzigo mbovu. Umeagiza namba 42, imekuja 40. Winga anasema ongea na duka, duka linasema ongea na aliyekuuzia, na nauli ya basi kurudisha mzigo Dar inakuwa yako. Anayekula kamisheni aseme kabla ya kupokea hela: mzigo ukiwa na kasoro, nani atagharamia kuurudisha?

Msomaji, mwaka wa tatu, Mbeya